Mluzi wa Amaq Seri

Siku hizi upande wa magharibi wa kisiwa cha Gili Meno hakuna mluzi. Boti zinafika saa tatu asubuhi kama zamani, zinapunguza mwendo juu ya mwamba, wageni wanashuka ngazi na miwani ya maji usoni na kuelea kifudifudi. Kasa wapo. Lakini manahodha wanazungukazunguka kama watu waliosahau walichofuata sokoni, kila mmoja akimtazama mwenzake. Sahdan, nahodha wa boti ya buluu yenye mstari wa njano, hujikuta ameinamisha kichwa upande wa kushoto, anasikiliza. Kwa miaka kumi na tisa alichokuwa akikisikiliza hapo kilitoka majini, vidole viwili mdomoni, mluzi mmoja mrefu uliopanda mwishoni kama swali. Maana yake ilikuwa: nimempata, njooni.

Mwenye mluzi alipewa na wazazi wake jina la Mahnep, lakini tangu azaliwe Serinah, binti yake wa kwanza, hakuna aliyemwita hivyo tena ila mama yake mzazi. Kwa watu wote wa kijiji cha Karang Semaya alikuwa Amaq Seri, baba yake Seri. Mkewe, ambaye ni dada yake Sahdan, akawa Inaq Seri.

Sahdan aliujua mluzi ule kabla hajamjua mwenyewe. Alikuwa kijana bado, amerudi kutoka msikitini, dada yake amechutama uani anaosha mchele. Mluzi ukapigwa nyuma ya mianzi. Dada akaweka sufuria chini taratibu, akajipangusa mikono kwenye sarong, akapotea. Siku tatu nyumba haikukalika, mpaka wajumbe walipokuja na kofia zao na maneno yao marefu kueleza kwamba binti yuko salama kwa fulani bin fulani. Kwao msichana haombwi kama mtu anayeomba kuku. Huibwa, kisha wakubwa hukaa wakayamaliza.

"Mwizi wewe," Sahdan alikuwa akimwambia shemeji yake hadi walipoota mvi wote wawili.

"Nilichoiba nimekilisha miaka ishirini na mitano," alikuwa akijibu Amaq Seri. "Mbona hujaja kukidai?"

Boti ilikuwa ya Haji Mursidin, ambaye ana ofisi ndogo pale bandarini Bangsal na kiti cha plastiki anachokalia mlangoni tangu asubuhi. Haji habebi watu wa kuchanganya. Boti nzima kwa familia moja au kundi moja, asubuhi mpaka mchana, visiwa vitatu, na ahadi moja tu iliyoandikwa kwenye bango lake: utamwona kasa. Ahadi hiyo ilikuwa ni Amaq Seri. Sahdan alishika usukani. Amaq Seri aliingia majini na wageni, akazama mita kumi, kumi na mbili, bila chupa ya hewa, mikono imelala ubavuni, akapita chini ya kingo za matumbawe kama mtu anayeangalia uvunguni mwa kitanda chake mwenyewe. Alijua kasa gani hulala wapi. Mmoja mkubwa mwenye gamba lililomeguka nyuma alimwita Inaq Kangkung, kwa sababu alikuwa na uso kama wa mama mmoja auzaye kangkung, mboga ya majani, sokoni Pemenang, na mama huyo alipopata habari alimfukuza Amaq Seri na mwiko mbele ya watu.

Akiibuka na kupiga mluzi, boti nyingine zote zilikuja mbio.

"Unawaita wezi," Sahdan alikuwa akilalamika. "Wewe unatafuta, wao wanakuja kula."

"Waache waje, shemeji. Na wao wana wageni. Au unataka Inaq Kangkung avishwe sare ya Haji?"

Ndiyo maana ikawekwa kanuni ya spana. Boti zikija mbio hivyo, aliye majini anaweza kuibuka mbele ya panga la mashine. Kwa hiyo nahodha yeyote akiona boti inakaribia watu wake, anachukua spana na kugonga ngazi ya chuma iliyozama majini: ngo, ngo, ngo, ngo. Mlio wa chuma chini ya maji husafiri kuliko sauti yoyote. Aliyezama akiusikia anabaki chini, anashika jiwe, anangoja. Walioelea juu wanajikusanya pamoja na kuinua mikono, ili boti iwaone na kuwakwepa. Amaq Seri aliwafundisha wageni hayo kila asubuhi kabla mashine haijawashwa, amesimama kwenye omo ya boti kama mwalimu wa madrasa.

"Kasa si mkweo, usimshike mkono. Umenielewa, mama? Na ukisikia ngo-ngo-ngo, mjikusanye kama vifaranga walioona mwewe, mikono juu. Asiyejikusanya nitamwacha Meno, ataolewa huko."

Wageni walicheka. Lakini walishika.

Kilichoanza kubadilika ni mluzi wenyewe. Ukawa mkali zaidi, ukawa mrefu kupita kiasi, hadi siku moja Sahdan alimwona shemeji yake amevimbisha mashavu, uso mwekundu, anapiga tu kama mtu anayebisha mlango wa nyumba isiyo na watu. Halafu akaanza kuongea kwa kupaza sauti. Nyumbani, Inaq Seri alimwambia, "Si tuko chumba kimoja, baba, unamwita nani?" Masikio yalikuwa yakimtoka maji ya njano mara kwa mara tangu ujana, kama ilivyo kwa wazamiaji wote wa pwani ile. Mkewe alikuwa akimtilia mafuta ya nazi ya vuguvugu yaliyokaangiwa vitunguu. Hakuna aliyeona jambo geni.

Kisha ikaja harusi ya mtoto wa jirani. Bibi arusi na bwana arusi wakatembezwa barabarani kurudi kwa wazazi wa mwanamke, ngoma kubwa mbele, pikipiki na malori yamesimama foleni hadi kwenye daraja. Ngoma zile hupigwa na wanaume wanaozining'iniza shingoni, na zikilia kifua cha mtu nacho hulia. Amaq Seri alikuwa anatembea kando ya Sahdan, amevaa kilemba cha sherehe, anatikisa kichwa kwa mdundo sawasawa. Mbele yao mpiga zumari alikuwa amefumba macho, anapuliza mpaka mishipa ya shingo imemtoka.

Amaq Seri akamgusa Sahdan begani. "Huyu wa zumari vipi? Mbona hapulizi?"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Amaq Seri naye, habakishi mtu!" Kwao ulikuwa utani, kwa sababu mpiga zumari yule alikuwa maarufu kwa kupiga ovyo. Amaq Seri alipoona watu wanacheka akacheka pia. Lakini macho yake yalibaki kwenye vidole vya yule mtu, vinapanda na kushuka kwenye matundu ya zumari, na Sahdan akaona kicheko kinamwisha usoni kidogokidogo.

Walikwenda wawili hospitali Mataram bila kumwambia mtu. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alitazama sikio moja, akatazama la pili, akazungumza, akaona anazungumza na ukuta, akachukua karatasi. Aliandika kwa herufi kubwa: ngoma zote mbili za masikio zimetoboka, la kulia halisikii kabisa, la kushoto linasikia kidogo sana. Chini yake akaandika na kupigia mstari: USIZAME TENA.

Nje, kwenye kibanda cha kahawa, Amaq Seri aliikunja ile karatasi mara nne, akampa Sahdan.

"Iweke wewe. Nyumbani Inaq Seri anapekua mifuko."

"Tumwambie Haji akupe kazi ofisini," Sahdan alisema, akirudia mara mbili, akitamka kwa midomo. "Mezani. Kupokea wageni."

"Mezani?" Amaq Seri alitazama mashapo ya kahawa ndani ya glasi. Haji alikuwa amemwachisha kazi mzamiaji mwingine mwaka uliopita kwa sababu ya jicho moja tu lenye mtoto wa jicho, na hakumpa meza wala kiti. "Hata akinipa. Atakuja mtu ataongea, nitamtumbulia macho. Atakuja mwingine. Kila mtu huku juu anaongea, shemeji. Kule chini hakuna anayeongea. Kule sote tuko sawa."

Sahdan alilipa kahawa. Aliiweka karatasi chini ya kiti cha nahodha, kwenye kopo la plagi za mashine.

Ndipo wakatunga kanuni yao wawili. Sahdan alifunga kitambaa chekundu, kipande cha bendera ya zamani, kwenye kamba ya mita kumi yenye kipande cha risasi mwishoni cha kuizamisha. Boti nyingine ikikaribia, asigonge tu ngazi kwa ajili ya wageni. Kwanza atupe kitambaa majini. Amaq Seri, kabla ya kuibuka, atatazama juu. Akiona chekundu, abaki chini. Asipoona kitu, maji ni salama.

"Nikizama, wewe ndiye masikio yangu," alisema Amaq Seri.

"Na ukipiga mluzi ovyo nitakuwa na mdomo wako pia?"

"Mdomo niachie. Ndio nilioibia dada yako."

Miezi minne mambo yalikwenda. Mara sita Sahdan alitupa kile kitambaa, na mara zote sita alimwona shemeji yake kule chini, mdogo, wa kijani, ameshika jiwe kwa mkono mmoja, amegeuza uso juu, anangoja. Ilimpa Sahdan hisia ya ajabu, ya mtu aliyeshika uhai wa mwingine kwa uzi. Alianza kulala vibaya. Mara mbili alifika hadi mbele ya kiti cha plastiki cha Haji amejiandaa kusema, na mara zote mbili aliishia kuuliza habari za mafuta ya mashine.

Siku yenyewe wageni walikuwa familia ya watu wanne kutoka Surabaya, mume, mke na mabinti wawili waliokwisha vunja ungo. Mama mtu aliogopa maji. Alishuka ngazi akisema Bismillahi kwa kila kidato, na alipofika cha mwisho akataka kupanda tena.

"Mama, kasa wamekuogopa wewe zaidi," Amaq Seri alimpigia kelele kutoka majini, kwa sauti ile yake mpya ya kupita kiasi. "Tazama, wote wamekimbilia Bali!"

Mama akacheka, akajiachia. Wanne wakaelea na majaketi yao ya rangi ya machungwa. Amaq Seri alizama, akakaa, akaibuka hatua thelathini kutoka kwao, akaweka vidole mdomoni. Mluzi ukapaa juu ya bahari tulivu. Amempata Inaq Kangkung chini ya ukingo. Akavuta pumzi, akarudi chini kumshawishi atoke, kama alivyozoea, kwa kupita mbele yake polepole hadi apande mwenyewe kutafuta hewa mbele ya macho ya wageni.

Boti ya Jumahir ilitokea upande wa kisiwa cha Trawangan. Jumahir ni mtu wa Karang Semaya pia, nyumba ya tatu kutoka kwa Inaq Seri, na asubuhi hiyo alikuwa na wageni waliokwisha zunguka saa nzima bila kuona kasa na walikuwa wamemnunia. Aliusikia mluzi. Alisukuma mwendo. Jua lilikuwa usoni kwake.

Sahdan aliiona. Kitambaa chekundu kilikuwa kimekunjwa vizuri karibu na mguu wake wa kushoto, risasi juu. Spana ilikuwa kwenye ndoano yake, upande wa kulia, mahali ilipokaa miaka kumi na tisa.

Mkono wake ulikwenda kulia.

Ngo, ngo, ngo, ngo.

Wageni walisikia. Walifanya kama walivyofundishwa: baba akamvuta mkewe, mabinti wakaogelea kwa wazazi wao, wakashikana, mikono minane ikainuka juu ya maji. Jumahir aliiona mikono. Akakata usukani kulia kuikwepa, kuelekea maji matupu.

Sahdan bado alikuwa anagonga alipokumbuka. Alikitupa kitambaa. Kilianguka majini, kikaanza kushuka, chekundu, bila haraka.

Kule chini Amaq Seri alikuwa ameshatazama juu. Hakukuwa na kitu. Maji yalikuwa safi.

Wote walisikia mashine ya Jumahir ikibadilisha sauti, mara moja tu, kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni. Halafu Jumahir akaizima, na kukawa kimya, na katika kimya hicho Inaq Kangkung aliibuka peke yake katikati ya boti mbili, akavuta hewa, akazama.

Waliufikisha mwili Bangsal umefunikwa kwa turubai la kivuli. Waliouosha ni imamu na Sahdan. Walimzika kabla ya alasiri.

Kwenye kituo cha bandari, afisa aliandika maelezo ya kila mmoja. Binti mkubwa wa Surabaya, nywele bado zina chumvi, alisema, "Tulisikia kugonga. Yeye mwenyewe ndiye alitufundisha. Sasa kwa nini yeye hakusikia?"

Afisa akamgeukia Sahdan.

"Pengine alikuwa mbali," Sahdan alisema.

Basi kosa likawa la Jumahir. Leseni yake ilishikiliwa, boti ikafungwa mnyororo kwenye gati. Alikuja kwa mwendo kasi penye watu, hilo hakulikana, na Karang Semaya haikuhitaji zaidi. Mkewe alipokwenda kununua tempe ya soya, muuzaji alikuwa hana chenji, kesho yake akawa hana tempe. Mtu aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wao neno ambalo Jumahir alilifuta kwa chokaa na likaonekana tena mvua iliponyesha. Sahdan alipita mbele ya ukuta ule kila siku kwenda kwa dada yake. Siku ya pili, ya nne, ya saba. Kopo la plagi alikuwa amelihamishia nyumbani. Alilifungua, akalifunga.

Siku ya tisa ni siku ya kumuaga marehemu kwa kisomo na chakula. Turubai lilitandazwa barabarani, wanaume wakakaa kwa mistari miwili wakitazamana, wanawake nyuma wanapika kwenye masufuria ambayo mtu anaweza kulala ndani. Haji Mursidin alikaa mbele karibu na imamu. Kisomo kilipoisha, kabla ya sinia kutoka, Jumahir alitokea mwisho wa barabara. Alibeba kichwani ndoo ya mchele, kama jirani yeyote anavyoleta kwenye msiba. Alifika ukingoni mwa turubai akasimama. Hakuna aliyempokea ndoo. Mzee mmoja aligeuka akaanza kukuna goti. Jumahir aliendelea kusimama na ndoo kichwani, jasho linamtiririka hadi kidevuni, hajui aiweke chini au arudi nayo.

Sahdan aliinuka akaenda nyuma, jikoni. Inaq Seri alikuwa anapakua mchuzi wa nangka, fenesi changa. Alimpa ile karatasi. Yeye aliifungua mikunjo yote minne, akaisoma, na hakuonekana kushtuka.

"Ilikuwa kwangu," Sahdan alisema. "Alikuwa hasikii. Tulikuwa na kitambaa. Nilipaswa kutupa kitambaa, dada. Nikagonga."

Inaq Seri aliipangusa karatasi tone la mchuzi kwa kidole gumba.

"Nilijua hasikii," alisema. "Jogoo wa jirani alikuwa hamwamshi tena. Nilinyamaza kwa sababu kila asubuhi alikuwa anaondoka na wewe."

Alimrudishia karatasi. Akatoka hadi barabarani na mwiko mkononi, wanaume wote wakimtazama, akamsogelea Jumahir, akamtua ndoo, akaibeba kuipeleka jikoni.

Sahdan alisimama kati ya mistari miwili ya wanaume akaisoma karatasi yote, pamoja na yale maneno yaliyopigiwa mstari, kisha akaeleza habari za kitambaa. Sauti yake ilikuwa ya chini, na mzee mmoja wa nyuma akamwambia apaze. Akaanza upya tangu mwanzo. Alipomaliza, imamu akamwambia Jumahir akae. Sinia zikaletwa. Watu walikula wameinama.

Jumahir alirudishiwa leseni mwezi uliofuata. Siku hizi hupita mwamba wa Meno kwa mwendo wa kasa mwenyewe. Haji hakumfukuza Sahdan. Alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Ungeniambia," akageuza kiti chake cha plastiki kutazama upande wa pili. Bango amelifuta mstari mmoja. Mzamiaji mpya ni mtu mzuri kutoka Tanjung, lakini hajui kupiga mluzi, hutumia mkono. Inaq Seri humpokea Sahdan akija, humtilia kahawa, humuuliza hali ya watoto wake. Hajamwita kaka tena.

Mahnep, Amaq Seri, amelala makaburini Karang Semaya, safu ya pili kutoka barabarani, karibu na mama yake, kichwa kaskazini, uso umeelekezwa magharibi, kwenye kibla.